Vyuo Viwili Vizuri, Nafasi Moja: Somo la Mang'amuzi kwa Anayeomba Chuo Mapema



Leo tunagusa jambo ambalo baadhi yenu mnalipitia kati ya Agosti na Oktoba. Umefaulu vizuri, walimu wamekutia moyo uombe nafasi kwenye vyuo vikuu vya Marekani, umechuja orodha mpaka umebaki na vyuo viwili, vyote vya juu kabisa. Halafu utaratibu unakwambia: kwa awamu ya mapema, chagua kimoja tu. Hapo ndipo usingizi unapopotea. Unasali novena, unamuuliza kila mtu, na bado moyo unayumba.

Hata kama wewe huombi chuo cha Marekani, usiondoke. Kuchagua kati ya vitu viwili vizuri ni mtihani utakaokukuta mara nyingi maishani.

Somo letu la Biblia ni Mwanzo 13:5-18. Tafadhali lisome kwanza, ni aya chache tu.

1. Tulielewe kwanza jambo lenyewe

Huwezi kusali vizuri juu ya jambo usilolijua. Kwa hiyo tuanze na ukweli wake.

Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kwa awamu mbili. Awamu ya kawaida hufungwa karibu na mwanzo wa Januari. Awamu ya mapema, kwa vyuo vingi, hufungwa Novemba 1, na majibu hutoka katikati ya Desemba. Ila kuomba mapema kuna sura mbili, na ni hatari kuzichanganya.

Sura ya kwanza huitwa Early Decision. Hii ni ahadi. Unasaini wewe, anasaini mzazi au mlezi, anasaini na mshauri wa shule yako, kwamba ukikubaliwa utakwenda chuo hicho na utaondoa maombi yako kwingine kote. Vyuo kama Brown, Cornell, Duke na Chicago hutumia njia hii. Unaweza kufunguliwa kutoka kwenye ahadi pale ambapo msaada wa fedha uliopewa hauwezi kuiwezesha familia yako.

Sura ya pili haikufungi kwenda. Ukikubaliwa mwezi wa Desemba, unaruhusiwa kungoja majibu ya vyuo vingine na kujibu hadi Mei 1. Lakini Harvard, Yale na Princeton huongeza sharti: ukiomba kwetu mapema, usiombe mapema kwenye chuo kingine binafsi cha Marekani. Vyuo vya nje ya Marekani kwa kawaida havihusiki na katazo hilo, kwa hiyo kuomba Yale mapema hakukuzuii kuomba Dar es Salaam, Nairobi au Makerere.

Angalia tarehe hizo kwa jicho la Mkatoliki. Novemba 1 ni Sherehe ya Watakatifu Wote. Katikati ya Desemba tuko Majilio, kipindi cha kungoja. Mei 1 ni kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Ofisi za udahili hazikupanga hivyo kwa ajili yetu, lakini sisi tunaweza kuzitumia tarehe hizo kusali.

Kwa somo hili tuchukue mfano wa kijana aliyebaki na Princeton na Yale. Vyote vina sharti la kuchagua kimoja. Afanyeje?

2. Hofu iliyojificha nyuma ya swali

Kijana huyu akija kuniuliza, kwa kawaida haanzi na masomo wala fedha. Anauliza hivi: "Frateri, nitajuaje Mungu anataka niende wapi? Nikikosea je?"

Nyuma ya swali hilo mara nyingi kuna picha ya Mungu isiyo sahihi. Wapo wanaoyaona mapenzi ya Mungu kama mchezo wa pata potea wa stendi: karata zimegeuzwa, moja tu ndiyo yako, na ukigusa isiyo yako umeliwa, maisha yameharibika. Ndugu yangu, Baba yetu wa mbinguni si mchezesha karata. Haketi akificha jibu moja ili akuadhibu kwa kushindwa kubahatisha.

Katika Mazoezi ya Kiroho, Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatufundisha kwamba uchaguzi tunaoufanyia mang'amuzi ni kati ya mambo yaliyo mema, au yasiyo mabaya yenyewe. Kati ya dhambi na wema hakuna cha kung'amua, dhambi unaikataa tu. Sasa, Princeton si dhambi. Yale si dhambi. Ukisali kwa unyofu, ukashauriana, ukapima na kuchagua kimoja, hutatoka nje ya mikono ya Mungu kwa sababu ya jina la chuo. Unaweza kutoka mikononi mwake ukiwa kwenye chuo chochote, kwa namna utakavyoishi. Na unaweza kukaa mikononi mwake ukiwa chuo chochote vilevile.

Hilo likikaa moyoni, nusu ya hofu inaondoka. Inabaki kazi ya kuchagua, na kazi hiyo Mungu ametuachia tuifanye kama watoto wake wenye akili na hiari.

3. Loti alitazama nini?

Turudi kwenye Mwanzo 13. Abramu na Loti wamebarikiwa mifugo mpaka nchi haiwatoshi, na wachungaji wao wanagombana. Abramu ndiye mkubwa, kwa desturi zetu na zao yeye ndiye angechagua kwanza. Lakini anamwachia kijana: ukienda kushoto, mimi nitakwenda kulia.

Loti anainua macho. Anaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, anachagua. Tusimwonee Loti: maji yalikuwa ya kweli, na mfugaji kutafuta malisho si kosa. Shida ni kwamba macho yake yaliishia kwenye majani. Hatusikii akimuuliza Mungu, hatusikii akimuuliza Abramu, wala hatusikii akiuliza majirani wa huko ni watu gani. Biblia inatuambia alisogeza hema zake hadi Sodoma, na mwisho wa safari hiyo unaujua.

Wengi wetu huchagua chuo kama Loti. Tunatazama orodha ya nani wa kwanza na nani wa tatu, tunatazama picha za majengo, tunatazama jina litakavyosikika kijijini na kwenye makundi ya WhatsApp. Hayo ni majani. Si mabaya, lakini hayatoshi.

Abramu yeye yuko huru. Anaweza kupokea bonde au milima ya mawe, kwa sababu tayari ana ahadi ya Mungu na ahadi hiyo haijafungwa kwenye kiwanja fulani.

4. Chuo ni njia

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaeleza katika Summa Theologiae kwamba uchaguzi, kwa maana yake halisi, unahusu njia za kufikia lengo. Mgonjwa na daktari hawajadili kama afya ni nzuri. Wanajadili dawa ipi itafaa. Lengo likijulikana, njia hupimwa kwa lengo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "Princeton au Yale?" jiulize, "Nakwenda kutafuta nini?" Kijana anayejibu "nataka kuwa mhandisi wa maji ili vijiji kama chetu visitembee kilomita kutafuta ndoo moja" ana kipimo. Anayejibu "nataka chuo kikubwa" bado hana, na hata akikubaliwa na vyote viwili hatajua kwa nini aende kimoja.

Mtazame Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa mtakatifu Septemba 7, 2025. Familia yake huko Turin ilikuwa na uwezo na jina. Yeye alichagua kusomea uhandisi wa migodi, kwa sababu alitaka kuwa karibu na wachimbaji, watu waliofanya kazi ngumu. Alifariki Julai 4, 1925 kabla ya kumaliza masomo yake. Shahada hakuipata, lakini maskini wa mji ule walijaa kumzika. Alikuwa ameshaanza kuishi lengo lake wakati bado yuko njiani.

5. Aina tatu za watu

Mtakatifu Inyasi aliijua hali ya mwanafunzi. Baada ya kujeruhiwa vitani Pamplona mwaka 1521 na kuongoka, alijifunza Kilatini mtu mzima pamoja na watoto, akapita Alcalá na Salamanca, na mwaka 1528 akafika Chuo Kikuu cha Paris. Hapo aliishi chumba kimoja na Petro Faber na Fransisko Ksaveri, kijana mwenye ndoto kubwa za cheo. Miaka baadaye, mwaka 1544, Ksaveri akiwa mmisionari India aliandika barua akitamani arudi kwenye vyuo vya Ulaya, hasa Paris, awapigie kelele wasomi wenye elimu nyingi na upendo kidogo.

Inyasi anatuonyesha watu wa aina tatu waliopata fedha nyingi na wanataka amani ya moyo. Wa kwanza anasema atajitenga na mali hiyo, lakini kifo kinamkuta hajafanya lolote. Wa pili anataka amani, ila mali ibaki palepale. Anamtaka Mungu aje upande wake. Wa tatu anaweka mali mikononi mwa Mungu kweli, aitunze au aiache, kadiri itakavyomsaidia kumtumikia.

Sisi wengi ni wa pili. Tumeshaamua, halafu tunaanza novena ili Mungu apige muhuri. Jipime hivi: ukiwaza chuo cha pili ndicho ulichochagua, je, unaweza kusali Baba Yetu mpaka mwisho bila moyo kugoma pale kwenye mapenzi ya Mungu? Kama moyo unagoma, usiogope. Mwambie Yesu hivyohivyo mbele ya Ekaristi na umwombe akupe uhuru. Na usiamue siku unayojisikia giza na kukata tamaa. Inyasi anashauri wakati huo tusibadilishe maamuzi tuliyoyafanya tukiwa na amani.

6. Kazi tatu za busara

Busara ni fadhila. Katekisimu (KKK 1788) inatutaka tutumie busara, tutafute ushauri wa watu wenye uwezo, na tuombe msaada wa Roho Mtakatifu. Mtakatifu Tomaso anaipa busara kazi tatu: kushauriana, kuhukumu, na kuamuru tendo lifanyike.

*Kushauriana.* Tafuta anayejua. Mjomba aliyesikia jina la chuo kwenye televisheni anastahili shikamoo na heshima zote, lakini kusikia jina si kujua chuo. Mwulize mwalimu anayejua unavyojifunza. Mwulize mwanafunzi aliyeko kule. Kaeni na wazazi mzungumze fedha waziwazi.

Kwa mfano wetu, mambo haya yana uzito. Princeton hakina shule ya tiba, ya sheria wala ya biashara, na karibu kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza huandika tasnifu mwaka wa mwisho. Yale kina shule za tiba na sheria, na pia za muziki na maigizo. Lakini usikimbilie kusema "nataka udaktari, basi Yale". Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, tofauti na kwetu, kwa hiyo unaweza kuanzia Princeton na kusomea tiba kwingine. Princeton ni mji mdogo kati ya New York na Philadelphia. Yale kiko New Haven, jiji lenye pilika zake.

Uliza pia majirani, swali ambalo Loti hakuuliza. Misa nitasali wapi? Yale kuna jumuiya ya Wakatoliki kwenye kikanisa cha Mtakatifu Thomas More. Princeton kuna Aquinas Institute. Baridi ya Februari, mbali na mama na kwaya ya parokia, kuwa na mahali pa kuungama na watu wa kukuuliza "mbona Jumapili hatukukuona?" ni jambo kubwa kuliko unavyodhani leo.

Na fedha. Katika Luka 14:28-30 Yesu anamsifu anayekaa kwanza akahesabu gharama za mnara. Princeton na Yale vyote huamua udahili bila kuangalia kama familia inaweza kulipa, hata kwa wageni, na huziba pengo la mahitaji yaliyothibitishwa bila kukukopesha. Kwa hiyo kati ya hivi viwili, fedha haiamui. Lakini vyuo vingi vingine huangalia uwezo wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua. Kama moja ya viwili vyako ni vya namna hiyo, au ni vya ahadi ya Early Decision, fanya hesabu kabla ya kusaini.

*Kuhukumu.* Ukishakusanya hayo, chukua karatasi, andika faida na hasara za kila upande, halafu tumia misaada mitatu ya Inyasi. Fikiria mtu usiyemjua kabisa amekuletea karatasi hiyo: ungemshauri nini? Fikiria saa ya kufa kwako: ungependa uwe umechagua kwa sababu ipi? Fikiria umesimama mbele ya Kristo Hakimu: sababu ipi ungeweza kumwambia bila kuona haya? Mara nyingi sababu ya "watu watasemaje" hufa yenyewe kwenye swali la pili.

*Kutenda.* Kwa Tomaso hii ndiyo kazi kuu ya busara, na ndiyo inayotushinda. Tunashauriana mpaka Oktoba 31 usiku huku insha hazijaandikwa. Weka tarehe yako, tuseme Oktoba 7, sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari. Siku hiyo amua, mweleze Mungu, halafu acha kulinganisha, uanze kuandika. Karatasi zikilingana uzito kabisa, chagua kile unachokipenda zaidi kwa amani. Hamu njema nayo ni zawadi ya Mungu.

7. Ndiyo yako iwe ndiyo

Hapa kuna kishawishi cha kweli: "Niombe mapema kote kuwili, watajuaje?" Au: "Nisaini Early Decision, nikikubaliwa nitaona kama kuna bora zaidi." Yesu katika Mathayo 5:37 anataka neno letu litoshe. Saini yako ni neno lako. Na hujasaini peke yako, umemshirikisha mzazi na mwalimu. Ukivunja, anayeaibika ni mwalimu aliyekuamini, na anayeumia anaweza kuwa mdogo wako wa mwakani kutoka shule hiyohiyo, ambaye barua yake ya utambulisho haitaaminiwa tena.

Vivyo hivyo kwa fomu za fedha kama CSS Profile: usipunguze kipato cha baba, wala usijifanye huhitaji msaada ili upendeze. Na insha iandike mwenyewe. Chuo kinataka kukujua wewe. Nafasi iliyopatikana kwa uongo utailinda kwa uongo miaka minne.

8. Desemba ikifika

Majibu ni matatu: umekubaliwa, umesogezwa kwenye awamu ya kawaida, au umekataliwa. Tuwe wakweli: vyuo hivi viwili, kwa awamu zote pamoja, kila kimoja hukubali waombaji wasiofika 10 katika kila 100. Wengi wa watakaokosa walisali pia, na wengine walisali kuliko waliopata. Kwa hiyo ukipata, usiseme Mungu amekupendelea kuliko wenzako. Shukuru, na uwe mnyenyekevu. Ukikosa, usiseme Mungu amekukataa. Ofisi ya udahili haisemi kwa niaba ya Mungu. Lia kama unahitaji kulia, nenda Misa ya Majilio, halafu malizia maombi ya Januari.

Kuna kitu kwenye Mwanzo 13 ambacho wengi hukiruka. Loti aliinua macho mwenyewe na kuchagua. Abramu alibaki na kile ambacho mwenzake hakukitaka, na ndipo, katika aya ya 14, Mungu anamwambia sasa inua macho yako utazame pande zote nne. Ahadi ilimkuta palepale alipobaki. Naye akahama, akapiga hema Hebroni, akamjengea Bwana madhabahu.

Maswali ya kutafakari

1. Lengo langu la kusoma ni lipi, kwa sentensi moja? Nani atafaidika nalo zaidi yangu?
2. Kati ya vyuo vyangu viwili, ni kipi naogopa kukikosa, na ni kwa sababu gani hasa?
3. Nimemshauri nani anayejua kweli? Nimemkwepa nani kwa sababu najua atasema nisichotaka?
4. Kuna sehemu ya fomu ambayo nimeijaza bila ukweli?
5. Madhabahu yangu nitaijenga wapi nikifika huko?

Sala

Ee Baba mwema, unanijua kuliko matokeo yangu na kuliko jina la chuo chochote. Nipe macho yanayoona zaidi ya majani mabichi. Nipe moyo ulio huru kwenda kulia au kushoto. Nifundishe kuuliza kwa unyenyekevu, kupima kwa haki, na kuamua bila woga. Linda neno langu liwe la kweli. Na jibu lolote litakalokuja, linikute nimekaa karibu nawe. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Watakatifu wote wa Mungu, mtuombee.